Kasha la Nyota Sita

Armand Jaquerod alizaliwa juu ya karakana ya baba yake huko Carouge, ng'ambo ya mto ukitokea Geneva, na mpaka leo, akiwa na miaka themanini na mmoja, hajawahi kulala mahali pasiponuka gundi. Kazi yake ni kutengeneza makasha ya vito. Si vito, makasha. Ukimwambia kwamba watu wanatoka pembe zote za dunia kuja kununua mikufu ya malkia waliokufa kwenye minada ya hoteli za kando ya ziwa, atakuuliza mikufu hiyo imelazwa juu ya nini.

"Almasi ilijitengeneza yenyewe ardhini," huwa anasema. "Haikumhitaji mtu. Kasha ndilo linalotaka akili."

Nimemshonea vitambaa vya ndani kwa miaka ishirini na mitano, na naweza kusema bila kumwonea kwamba akili yake yote imeishia kwenye makasha. Ana kasha la miwani, kasha la kifaa cha sikio, kasha la kisu cha kukatia soseji. Meno yake ya bandia hulala juu ya hariri ya buluu, wakati mimi nalalia shuka za pamba iliyochoka. Mkewe, marehemu Yolande, alikuwa akisema kwamba siku akifa Armand atakuja kumpima mwenyewe. Yolande alipokufa kweli, Armand alilia kama mtoto, kisha pale pale makaburini akaninong'oneza kuwa bawaba za jeneza zilikuwa za ovyo.

Watu wa minada wanampenda kwa sababu anajua kuzeesha. Kasha la zamani likioza, wao humletea kito, naye hutengeneza jingine lenye sura ya miaka mia moja na zaidi. Hulowanisha mahameli kwenye chai baridi, huikausha juu ya moshi wa kiko, husugua ngozi ya mbuzi kwa kiganja mpaka ipauke pale mikono ya mabibi wakubwa ingepita. Akimaliza, huandika kwa penseli kwenye ubao, chini kabisa, herufi za jina lake, tarehe na kazi aliyoagizwa. Kisha mimi nabandika mahameli juu yake. Hakuna anayeyaona maandishi hayo. Anasema hafanyi hivyo kwa kiburi. Mtu asiye na kiburi hanoi penseli mara tatu kwa ajili ya maandishi yasiyosomwa.

Kabla ya kuja kwa Armand nilikuwa mtumishi wa chumbani kwa Baronesi von Trauenfels, kwenye jumba lao kule Cologny. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Fribourg. Shule niliacha mapema, lakini mikono yangu ilikuwa mizuri kwenye nywele. Baronesi alikuwa na taji la nyota saba za almasi, urithi wa mumewe, na kila nyota ilifungwa kwa skrubu ndogo. Mimi ndiye niliyezifunga, na mimi ndiye niliyelishonea taji kwenye nywele zake. Kasha lenyewe sikuwahi kuliona. Yeye mwenyewe alilitoa taji kwenye sanduku la chuma na kunikabidhi likiwa limefunikwa kitambaa.

Jioni ya tarehe nne Juni mwaka tisini na nne, siku ya dansi kubwa, alinikabidhi taji lenye nyota sita.

"Bibi, ya saba iko wapi?"

"Iko kwa sonara, skrubu imelegea. Zipange hizo sita vizuri, nani atahesabu?"

Baroni alihesabu. Alikuwa anacheza na mkewe chini ya picha ya bibi yake, na bibi pale ukutani amevaa nyota saba. Asubuhi Baronesi aliapa kwamba hajawahi kunitajia sonara yeyote, kwamba alinipa nyota saba na nikamrudishia sita. Polisi walikuja, wakapasua mto wangu, wakaondoka na manyoya kwenye suti zao. Hawakupata kitu, lakini majirani wa Baroni hawakungoja wapate. Nilitolewa bila barua ya kazi, ile ya kumshuhudia mtumishi kwamba ni mwaminifu, na katika mji huu mtumishi asiye na barua hafunguliwi hata mlango wa jikoni.

Mwezi uliofuata Armand alikuja pale nilipokuwa nafua, kwenye chumba cha chini cha hoteli moja. Sikumjua. Alivua kofia akaniuliza kama najua kushona hariri. Nilidhani Mungu amemtuma. Miaka ishirini na mitatu nilidhani hivyo, nikampelekea jibini kila Jumapili.

Mwaka juzi, wiki moja kabla ya mnada wa Novemba, kitabu cha mnada kilifika karakana na Armand akakifungua mezani. Nililitambua taji kwa picha kabla sijaona jina lolote. Baronesi alikuwa amekufa majira ya kuchipua, na mwanawe analiuza. Kusoma kwangu ni kwa taratibu, hivyo Armand akanisomea: mali ya familia ya kikabaila, taji la nyota sita, katika kasha lake la asili, kazi ya Paris, mwaka elfu moja mia nane tisini hivi.

Masikio yake yakawa mekundu. Akaisoma tena, kisha akakifunga kitabu kwa nguvu mpaka vumbi la mbao likaruka.

"Huu ni wizi," alisema. "Mchana kweupe. Jumapili tunakwenda kuwaambia usoni."

Na mimi, mjinga wa Fribourg, nikaguswa moyo. Nikajua kwamba baada ya miaka yote hiyo kuna mtu mmoja anayekasirika kwa ajili yangu. Jumamosi nilipiga pasi koti langu jeusi mara mbili.

Siku za kutazama vito kabla ya mnada kila mtu anaruhusiwa kuingia. Armand huenda kila mara na wafanyakazi wote wanamjua. Tulipofika kwenye kabati la kioo la taji, dada anayesimamia, jina lake Oriane, alilitoa akatabasamu.

"Mzee wa Makasha. Leo unataka kulijaribu kichwani?"

"Kichwa changu hakina hata unywele wa kulishikia. Weka hilo taji pembeni, mwanangu. Funga kasha, nisikie."

Oriane akalifunga. Lilitoa mlio mdogo, mnene, kama mtu aliyefumba mdomo baada ya kushiba. Armand alifumba macho.

"Umesikia? Paris haijawahi kufunga hivyo. Lile ni langu."

"Mzee, wataalamu watatu wamelikagua."

"Basi ni macho sita, na hakuna hata moja lenye faida. Wewe ukizaa mtoto, wakaandika kwamba ni wa jirani, utanyamaza?"

"Inategemea na jirani mwenyewe," alisema Oriane, na mlinzi akacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nangoja aanze kusema habari zangu. Ndipo nikaona, nyuma ya Oriane, mtu mwenye kikombe cha kahawa anageuka: Egon, mwana wa Baronesi. Nilimwacha akiwa kijana wa miaka kumi na tisa asiyejua kufunga tai, na sasa alikuwa na kitambi na pete ya ukoo.

"Kuna tatizo na kasha letu?" aliuliza.

"Kasha lenu?" Armand alimsogelea mpaka nikalazimika kumshika mkono. "Marehemu mama yako alikuja Carouge kwa miguu, amevaa miwani ya jua siku ya mvua. Akaniletea kasha la zamani la viota saba, kila nyota na kiota chake cha kulalia. Akasema, Bwana Jaquerod, nitengenezee jingine kama hili, lakini la viota sita, na lionekane kana kwamba lilizaliwa na sita. Lile la zamani akaniamuru nilichome. Mimi nilitumia chai siku tatu kwenye mahameli hiyo. Siku tatu. Leo mnaandika Paris."

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kiwiko chake.

"Ilikuwa lini, mzee?" nilimuuliza.

"Machi. Tarehe kumi na moja, tisini na nne. Siwezi kusahau, chai yenyewe ilikuwa ya Yolande na alininunia wiki—"

Hapo ndipo aliponitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo. Kinywa kilibaki wazi, na yale meno ya kwenye hariri yakatikisika kidogo.

"Marlyse," alisema polepole.

"Machi," nilisema. "Na mimi nilitupwa nje Juni."

"Mteja wa kasha ni kama mtu wa kanisani anayeungama. Baba yangu alinifundisha hivyo. Hatuna midomo."

"Leo mdomo umeupata wapi?"

Oriane alikuwa amesahau kutabasamu. Alitutazama sote watatu, kisha akauliza kama kuna ushahidi wowote. Nikamwambia ainue mahameli kwenye kona ya kushoto, chini, kwa sababu ndipo Armand huanzia kupaka gundi na gundi yake hapo huwa haba. Armand alitoa kisu chake cha mfupa kutoka kwenye kasha lake. Hata siku hiyo kisu kilikuwa na kasha. Oriane akainua. Penseli ilikuwa wazi kama ya jana: A.J., 11 Machi 1994, viota sita badala ya saba, kwa amri ya Baronesi v. T.

Egon alisoma akiwa ameinama. Alipoinuka, kahawa ilikuwa imemwagikia kisahani.

"Wewe ndiye uliyekuwa unanifunga tai," aliniambia.

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye uliyesimama kwenye ngazi siku polisi wanapasua mto wangu."

"Mama aliapa, Marlyse."

"Najua. Nilikuwepo."

Akauliza kwa sauti ya chini ninataka nini. Niliona amejiandaa kusikia kiasi, maana watu wa namna yake mkono huenda mfukoni kabla moyo haujaenda popote. Nikamwambia nataka barua ya kazi. Barua ileile niliyonyimwa, yenye tarehe ileile, inayosema kwamba nilifanya kazi miaka sita kwa uaminifu, na kwamba nyota haikupotea mikononi mwangu.

"Lakini sasa utaipeleka wapi?"

"Hiyo si kazi yako. Andika."

Aliandika pale pale kwenye karatasi ya hoteli, Oriane akiwa shahidi. Mwandiko wake mbaya, wamemsomesha bure.

Siku ya mnada, kabla ya kuliuza taji, dalali alitangaza kwamba kasha si la asili, ni kazi ya Armand Jaquerod wa Carouge. Armand alikaa mstari wa nyuma amenyooka kama bwana harusi. Taji likauzwa kwa zaidi ya walivyotarajia. Jina langu halikutajwa, wala sikulitarajia.

Wiki tatu sikwenda karakana. Ya nne nikaenda, kwa sababu mahameli za watu zilikuwa zinangoja, na kwa sababu mzee yule akiachwa peke yake hula soseji baridi akiwa amesimama. Hakusema samahani, ana haya kuliko msichana. Alinivutia kiti, akasugua viganja, akaniambia barua kama ile haifai kukaa kwenye kopo la biskuti. Angenitengenezea kasha. Ngozi nyekundu, hariri ya ndani nichague mwenyewe. Alikuwa tayari na futi mkononi, niilete tu barua apime.

Nilimwambia nitafikiria. Tangu hapo kila Jumatatu ananiuliza kama nimeshafikiria, na mimi namwambia bado, mzee, kunyamaza umenifundisha wewe. Barua iko kwenye kopo la biskuti. Futi ameiacha mezani, karibu na kiti changu.