Picha Yangu ya Msibani Imekuwa Bango la Kampeni ya Mume Wangu

Admin, nifiche vizuri tafadhali, kwa sababu nusu ya ofisi yetu huko town wanausoma ukurasa huu wakijifanya wanafanya kazi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, kilo sitaji. Naishi Kileleshwa na mume wangu na watoto wawili waliofika umri wa kutufokea.

Mume wangu huenda mnamjua. Kwa miaka mingi ameandika safu ya siasa gazetini, na kwenye runinga wanamwita mchambuzi wa sera. Mimi nilikuwa msomaji wake wa kwanza. Kila Jumamosi alinisomea makala jikoni nikisukuma chapati, nami namwambia, "Baba Joy, hapo umewapoteza watu. Hata mimi nimelala." Ananuna, halafu anakata. Ile mistari mliyokuwa mkisambaza mkisema huyu jamaa anaandika kama anaongea, niruhusuni nijivunie kidogo, mingine ilitoka jikoni kwangu.

Kitu alichokipiga vita kuliko vyote ni wanasiasa kugeuza matanga kuwa mikutano ya kampeni. Aliandika hilo hadi nikamwomba awatafutie dhambi nyingine. Mama yangu, huko Mutuini, alizipenda sana makala hizo. Macho yalipoanza kumsumbua, mume wangu alikuwa akienda kumsomea, amekaa kwenye kistuli karibu na zizi, Mama akikama. Siku moja Mama akamwambia, "Mkwe wangu, na mimi nikilala, hao watu wa maikrofoni wasikuje. Kwaya itanitosha."

"Mama, watapitia juu yangu kwanza," akamjibu. Tulicheka sana.

Mwaka jana chama kikamfuata agombee ubunge, naye akaiacha safu yake. Kwa kuwa kwao ni mbali, magharibi, wakaamua asimame huku kwetu Dagoretti, ambako Mutuini ipo, awe mkwe wa wananchi. Nilimtania kwamba mtu anayeogopa matope atafanyaje kampeni Mutuini. Lakini nilimuunga mkono kwa moyo wangu wote. Anajua maji yanapotelea wapi na kwa nini zahanati hazina dawa. Hata leo naamini angekuwa mbunge mzuri, na hapo ndipo panaponiuma.

Kisha Mama akafariki. Familia tukakubaliana, hakuna siasa. Siku ya mazishi, pale bomani kwa Mama, zamu ya wakwe ilipofika, mume wangu akamsifu Mama vizuri mpaka nikalia. Halafu akasema ana wageni wachache wa kusalimia tu. Magari yalikuwa yamejipanga kule barabarani, nasi tulidhani ni ya waombolezaji. Kiongozi wa chama akasalimia, akaendelea kusalimia, mwisho akauinua mkono wa mume wangu juu, kando ya jeneza la Mama, na watu waliokuja naye wakaanza kuliimba jina lake. Mchungaji akatazama chini. Kaka yangu akaondoka, akaenda kusimama na ng'ombe. Mimi nikaangua kilio, nikamwegemea mume wangu kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Mtu alipiga picha hapo. Sasa imebandikwa kwenye kila ukuta wa Mutuini: nimefumba macho, mdomo wazi, kitambaa kimeenda upande, na chini wameandika "Mkwe Wetu, Machozi Yetu". Juzi nilipita dukani hukohuko kununua misumari, jamaa wa hardware akaniambia, "Mathe, umetoka poa kwa poster." Nikamshukuru. Ningesema nini?

Jumapili hii anazindua kampeni kwenye uwanja unaopakana na boma la Mama, alikozikwa, na anataka nisimame naye jukwaani. "Usipokuja watasema hata bibi yangu hanitaki, na hapo nimekwisha," ameniambia. Kaka yangu naye amepiga simu. "Dada, ukipanda hiyo jukwaa, hapa kwa Mama usikanyage tena. Sina maneno mengi." Akakata.

Jana tukinywa chai nilimuuliza mume wangu kwa upole tu, "Baba Joy, kama ungekuwa bado unaandika, mtu aliyefanya hivi ungemwandika vipi?"

Alikoroga chai isiyo na sukari muda mrefu. "Ningemmaliza," akasema, na macho yakamjaa machozi. Nikaweka kikombe chini, nikijua sasa ataniomba msamaha. Akajipangusa uso, akaniuliza, "Lakini Jumapili utakuja, si ndio?"

Sijamjibu. Nimeishi na huyu mtu zaidi ya nusu ya umri wangu. Namjua, asiponiona pale ataanguka, na si kura ninazozungumzia. Ila kila nikijiona nimesimama juu natabasamu, na Mama amelala ng'ambo ya ua, mwili wangu wote unakataa.

Nyinyi msionijua, nishaurini bila kuniogopa. Jumapili nisimame wapi?