Nilimwambia Baba Anasahau, Kumbe Gari Ndiyo Ilivuja

Mnaosoma hapa, nitukaneni mkitaka. Nimestahili. Nilimpokonya baba yangu kitu ambacho sijui nitakirudishaje, na nilifanya hivyo mchana kweupe nikijiona mtoto mwema anayemchunga mzee wake!

Mimi ni dereva wa lori. Natoa mahindi Soy na Turbo, naleta kwa wasagaji hapa Eldoret. Nimeshinda na injini tangu nimalize shule, kwa hiyo siwezi hata kujitetea kwamba sikujua magari. Nilijua. Tena nilijua sana, ndiyo maana nikaacha kusikiliza.

Baba alikuwa karani wa kiwanda cha mbao kule Turbo. Kichwa chake kilikuwa sifa yetu nyumbani. Alijua majina ya vibarua wote, na ya wake zao, na nani alifiwa na nani mwaka gani. Alipostaafu akabaki na gari yake ya zamani, 504, ile ndefu ya kubeba watu wengi nyuma, rangi ya maziwa. Ameitunza tangu kabla sijazaliwa. Mama mjamzito akishikwa na uchungu pale kijijini, mlango uliogongwa ulikuwa wa Mzee. Kwaya ikialikwa mbali, ni Mzee. Hakuwahi kumwambia mtu hapana.

Mwaka jana wakati wa palizi akaanza kulalamika.

"Hii gari inakunywa maji," akaniambia. "Jana nilijaza radieta mpaka juu. Leo nafungua hivi, imepungua."

Nikafungua boneti kwa madaha, dereva mzima! Nikaangalia radieta, pampu, mipira ya maji ya mbele. Kukavu. Nikajaza maji mwenyewe, nikatandaza katoni chini ya injini, nikalala kwao siku hiyo. Asubuhi katoni ilikuwa kavu kama chapati ya juzi.

"Mzee, haivuji. Pengine ulidhani umejaza na hukujaza."

"Nilijaza."

"Ulijaza saa ngapi?"

Akanyamaza kidogo, anafikiri. Lo! Kule kunyamaza kwake ndiko nilikokushika kama ushahidi.

Hakuacha. Mara aseme akiendesha ananusa harufu kama ya nguo mbichi ikipigwa pasi. Mara aseme aliona moshi mweupe akiwa kwa foleni mjini. Mimi nikasema moyoni, pua ya uzee, macho ya uzee. Nikicheka na madereva wenzangu nilikuwa namwigiza, Mungu anisamehe.

Siku moja akanisimamisha nikiwa tayari nimeshika mlango wa lori. "Sikiza, kijana wangu. Hii gari haivuji ikiwa imelala. Washa, iache ipate moto, halafu ulale chini uangalie. Mimi magoti yamekataa."

Mzigo ulikuwa unaningoja Soy. "Wewe pumzika tu, Mzee," nikamjibu, nikaondoka.

Kazi yenyewe ingenichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Nikampigia dada yangu aliye Nairobi, nikamwambia Baba ameanza kusahau. Naye akasema, "Na mimi nimeona. Juzi alinipigia mara mbili kwa jambo moja." Ni nani huku kwetu hapigi simu mara mbili, na network ilivyo? Lakini mtu akishaamua mzee anasahau, kila kitu kinakuwa dalili. Akiuliza, anasahau. Asipouliza, amesahau kuuliza.

Tukamkalisha kikao Jumapili baada ya ibada. Alikuwepo Mama, dada alikuwa amekuja, na nilimwita mzee mmoja wa kanisa ili jambo liwe na uzito. Mimi ndiye niliyezungumza.

"Baba, unasahau. Leo umesahau maji, kesho utasahau breki uue mtu. Lete ufunguo."

Akamtazama Mama. Mama akatazama chini. Akautoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani.

"Kama nyote mmeona hivyo," akasema.

Sikujua nimewasha moto wa nyika. Mzee wa kanisa naye akaenda kuwaambia wenzake, na funguo za stoo ya kanisa, ambazo Baba alizitunza miaka yote, zikaombwa kwa upendo. Wakaacha kumpa somo la kusoma ibadani. Majirani wakawa wanaongea naye polepole kwa sauti ya juu, kama wanaoongea na mgeni.

Akaanza kumwuliza Mama kila kitu. Leo ni siku gani? Ng'ombe wamekunywa? Nimefunga mlango? Mama aliniambia, "Anajua jibu, lakini hawezi kuliamini mpaka mimi niseme." Unajua nilimjibu nini? "Si niliwaambia!"

Mwaka huu kabla ya mvua lori langu likaingia gereji, nikachukua 504 nipeleke mbegu kwa mteja. Nilijaza radieta mwenyewe hadi maji yakamwagika juu. Nimefika karibu na Chepkoilel, mshale wa joto unapanda. Kuna foleni. Nikiwa nimesimama, moshi mweupe mwembamba ukachungulia pembeni mwa boneti, na harufu ikanipiga puani.

Nguo mbichi ikipigwa pasi!

Nikaegesha kando, nikangoja ipoe, nikafungua kifuniko. Maji yamepungua. Chini kukavu kabisa. Nikajaza tena, nikawasha, nikaiacha ipate moto, nikalala kwenye vumbi na tochi ya simu. Nilifanya vile Baba alivyoniambia, ila nilikuwa nimechelewa karibu mwaka mzima.

Niliiona. Huko nyuma kabisa ya injini kuna mpira unaopeleka maji ya moto kwenye hita ya ndani. Ulikuwa na ufa chini ya klipu inayoubana. Injini ikiwa baridi ufa unajifunga, mtu haoni kitu. Injini ikipata moto mpira unavimba, ufa unafunguka, tone linaangukia bomba la moshi. Tss! Limekuwa mvuke. Hakuna linalofika chini. Bomba lenyewe lilikuwa limeganda magamba meupe kama ndani ya birika la zamani. Magamba kama hayo hayaji kwa wiki moja. Nililia pale chini ya gari, wapita njia wakadhani nimegongwa.

Kuitengeneza haikuwa kazi hata. Nilikata ncha iliyopasuka, nikasukuma mpira mzima mahali pake, nikakaza klipu mpya. Nikaizungusha hadi jioni. Maji hayakupungua hata kidogo.

Nikaenda nyumbani mbio. Baba alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti mbele yake.

"Baba, gari ilikuwa inavuja. Ulikuwa sawa tangu mwanzo. Kipande nilichokata kwenye mpira ni hiki hapa, ona ufa. Wewe husahau kitu, mimi ndiye nilikosea. Nisamehe!"

Akakishika kile kipande, akakigeuza geuza. Akanitazama kwa upole ambao afadhali angenichapa.

"Asante, kijana wangu. Una roho nzuri. Lakini usijisumbue kunifariji."

"Sikufariji, Baba! Ni ukweli!"

"Mlikuwa wengi," akasema. "Mimi nilikuwa peke yangu. Wengi hivyo hawawezi kukosea."

Nikamwekea ufunguo wa gari mkononi. Akamwita Mama akampa. "Niwekee huu. Mimi nitasahau mahali nimeuweka."

Tumempeleka kwa daktari mjini. Alimwuliza maswali mengi, na Baba akayajibu yote, moja baada ya jingine. Daktari akasema kwa umri wake yuko sawa kabisa. Lakini kila alipojibu, Baba aligeuka kumwuliza Mama kama amejibu vizuri.

Kwa mzee wa kanisa nimekwenda, nikakiri. Wakamrudishia funguo za stoo, akazikataa kwa adabu. Dada alilia kwenye simu. 504 inakaa chini ya mti, injini safi, haivuji tone, na mwenyewe anaipita akienda kwa ng'ombe kama gari ya jirani.

Wenzangu, nawasihi. Mzazi akikwambia kitu kimepungua, usikimbilie kupima kichwa chake. Washa injini. Lala chini. Chafua shati. Na ukishindwa kuona, sema tu hujaona, usiseme hakuna! Usimwitie kikao baba yako kwa sababu una haraka ya kufika Soy.

Gari nimeitengeneza kwa kisu na klipu moja. Mzee wangu sijui nimpeleke kwa fundi gani.