Kidole Kidogo cha Mama

Nianze na ujinga wangu, kabla mwingine hajanitangulia kuusimulia: niliingia kwenye kompyuta ya mama nikaiambia kwamba A ni F, na F ni A. Kibodi yenyewe sikuigusa. Vitufe vilikaa pale pale na herufi zao za zamani, vinadanganya.

Mama alikuwa anawachapia watu barua katika kiduka chetu cha Greyville, hapa Durban: maombi ya kazi, matangazo ya kanisa, habari za kupeleka kwao Bukavu. Kibodi yake ilikuwa nzito, kila kitufe na springi yake, inalia kama mvua kwenye bati. Wiki hizo kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kilivimba, akakifunga kitambaa. Kliniki walimwambia apumzishe mkono. Mkono ukipumzika, na duka linapumzika. Mimi, kitinda mimba wa nyumba, nilidhani ni mbinu ya kunioshesha vyombo.

Basi nikazibadilisha zile herufi mbili, nikajificha nyuma ya pazia. Mama hachapi akiangalia chini. Alisomea kazi hiyo kwao. Mstari wa kwanza wa tangazo ukatoka kama mtu anapiga chafya. Akafuta, akachapa tena. Chafya ile ile.

"Hii mashine iko na pepo," akasema polepole. "Na pepo lenyewe iko nyuma ya rido, inacheka."

Nikatoka. "Pole, mama. Ninarudisha sasa hivi."

"Ngoja kwanza. A iko wapi?"

"Iko kwa F. Chini ya kidole cha shahada."

Akaibonyeza. Akaibonyeza tena, mstari mzima wa A, uso ukimlegea kidogo kidogo. Nikaona mlango wa kuponea, nikaanza kuhubiri.

"Angalia hiyo tangazo, mama. Kiswahili imejaa A. Kwa kibodi za Bukavu A iliwekwa mstari wa juu, kwa za hapa Durban iko mstari wa katikati, lakini kote wameipa kidole kile kile kidogo. Mdogo ndiye anatumwa siku nzima. Hiyo maisha mimi ninaijua."

"Funga mdomo, papa," akasema, maana kwao hata mtoto wa kiume anaitwa papa. "Na I je?"

I tukaileta chini ya shahada ya kulia, N tukaiweka jirani na A, mikono isitangetange. Vitufe tukaving'oa kwa mpini wa kijiko, tukavipanda upya. Hapo vidole vyake vikapotea: vilizoea kupapasa vipele viwili vya F na J, na sasa vipele vimehama. Mama wa saluni ya jirani akatudondoshea rangi ya kucha, tone moja juu ya A, moja juu ya I. Yakakauka, yakawa vipele vipya, vyekundu.

Siku tatu mama alichapa kama kuku anadonoa, akinigombeza kwa lugha tatu. Mteja mmoja alikaa aandike imeili yake mwenyewe, akaondoka bila kuaga.

Wiki ya tatu nilitoka shule nikakuta kile kitambaa cha kidole kimegeuzwa cha kufutia kioo cha kompyuta. Mama anachapa, mvua ya bati haikatiki. Nilikuwa na utani tayari mdomoni, nikaumeza. Nikakaa kando yake, nikavitazama vidole.

Akanyoosha kile kidole kidogo, akakikunja, akanitazama.

"Huyu mdogo amepumzika," akasema. "Mdogo mwingine, sahani ziko kwenye sinki."