Jina la Mtandao wa Merina

Merina ana steshenari karibu na soko la Ifakara, na kwa kuandika wasifu wa marehemu hana mpinzani. Mlevi aliyetukana mji mzima, akiandikwa na Merina, watu humlilia. Ulimi wake sasa, hiyo ni habari nyingine.

Kompyuta zake mbili huziunganisha bila waya wala kile kisanduku cha intaneti: moja inatangaza mtandao wake yenyewe, ya pili inaudaka, mafaili yanahama. Mtandao huo lazima upewe jina. Yeye aliupa siku ambayo mama mkwe wake, Bi Fausta, aliyekuwa akiishi kwake, alisema mbele ya wageni kwamba wali wake ni bokoboko. Kumwambia hivyo mwanamke wa Ifakara, mji wa mpunga, ni kumvua nguo. Merina akatabasamu, akaingia chumbani, akaandika: Mama Mkwe Kisirani. Hasira ziliisha, jina likabaki, akalizoea hata asilione tena.

Bi Fausta alipofariki, msiba uliwekwa Katindiuka, kwa mwanawe mwingine, Ponsiano. Merina alitaka wasifu huu uwashinde wote, ukweni wajue kwamba alimpenda mama yao. Picha zilikuwa kwenye kompyuta ya mpiga picha, na flashi ilikuwa imegoma. Palepale msibani akaziunganisha mashine, yake na ya mpiga picha, kama kawaida yake.

Vijana chini ya turubai walikuwa wakitafuta mtandao wa bure. Mmoja akasoma jina lililotokea kwenye simu yake, akacheka, akajiziba mdomo. Simu ikapita mkono kwa mkono hadi kwa akina mama waliokuwa wakichambua mchele. Merina akainua macho, akakuta anatazamwa, akajua. Alizima mashine, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Ponsiano alimwita nyuma ya nyumba.

“Shemeji, nisamehe. Niliandika kwa hasira, siku ya…”

“Siku ya wali. Mama aliniambia.”

“Kwani alijua?”

“Aliliona jina nilipomletea simu mpya pale kwako, tukitafuta mtandao. Nikataka nije nikuseme, akanikataza. Akasema, ‘Mimi nilimwaibisha mbele za watu, yeye kaninung'unikia chumbani. Asijue nimeona, atashindwa kuniangalia usoni akiniogesha.’”

Merina alikaa chini palepale, kwenye udongo.

Kwenye wasifu alikuwa ameandika kwamba marehemu alimpenda mkwewe kama binti wa kumzaa. Sentensi hiyo aliiweka kwa mazoea tu, ipendeze masikioni. Iliposomwa makaburini jioni ile, alijifunika khanga uso mzima, kwa sababu ilikuwa kweli.