Kisu Nilikificha Mimi, Lawama Akaibeba Mjomba

Kosa ni langu, wala sitalizungusha. Mjomba wangu alivunjiwa heshima mbele ya kijiji kizima, na aliyemvunjia ni mimi, mpwa wake aliyemlea mwenyewe.

Nilikuwa jikoni kwenye kambi ya gesi, Afungi, kaskazini mwa Msumbiji, zile siku za mwanzo kila kijana alipokuwa anatafuta riziki ndani ya uzio. Mkubwa wetu wa jiko, mgeni, alikuwa anakusanya visu. Si vya kukatia, jamani, vya kutazama tu! Akanifundisha: kisu cha zamani, kilichofuliwa kwa mkono, ndicho chenye thamani. Usikisugue kutu. Usikinoe, ukikinoa umekiharibu.

Wazimu ule ukanipata na mimi. Nikanunua vya dukani, vinang'aa kama kioo. Nilipomwonyesha patrão, yule mkubwa wetu wa jiko, alicheka. "Hivi pakia siagi," akasema. Niliona haya, ndipo nikakikumbuka kisu cha mjomba.

Mjomba ndiye alikuwa mchinjaji wetu. Idi, harusi, hitima, mnyama halazwi mpaka yeye afike. Kisu chake alikirithi kwa baba yake, kazi ya mhunzi wa Kimakonde, mpini wa mpingo. Macho yake yalishaingia ukungu, kwa hiyo kukinoa ilikuwa kazi yangu. Nakileta nimekifunika kanga, maana mnyama haonyeshwi kisu. Yeye ananyoosha mkono nyuma, namwekea kiganjani, anasoma bismillahi, anachinja. Hakuwa anakikagua. Akikague cha nini, na mimi mwanawe nipo?

Nikaenda kwa seremala, akanichongea mpini wa mpingo kama ule ule, tukautia kwenye kisu cha dukani. Cha mjomba nikakificha kambini, chini ya godoro.

Ikaja arobaini ya bibi, mama yake mjomba. Ng'ombe kavushwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma, watu wamejaa. Nikamwekea mjomba kile cha dukani. Kilikuwa kinang'aa, nikadhani kung'aa ndiyo kukata. Hata kwenye ukucha sikukijaribu.

Kikateleza. Mjomba akavuta, akavuta tena. Ng'ombe akakata kamba, akainuka na shingo nusu, akakimbia huku anamwaga damu uani kwa watu. Walipomkamata alikuwa kashakufa. Mwalimu wa madrasa akatikisa kichwa: "Huyu mzoga. Hafai kuliwa."

Tukachimba shimo tukamfukia. Wageni wakala wali mkavu kwenye hitima ya mama yake. Nikasikia watu wanasema mzee huyu mkono umekwisha, kwa nini hapumziki. Mjomba naye akasikia. Alikuwa anautazama mkono wake tu. Na mimi nimesimama hapo, kanga mkononi.

Hakuchinja tena. Hata kuku wake mwenyewe alimpelekea jirani.

Husemwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kikali nilikuwa nacho mimi, chini ya godoro, na nyama ile hakuna aliyeila.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, roho ilinisuta, nikamletea kisu chake. Akakipapasa kwa kidole gumba, mpini, kisha makali. "Hiki ndicho," akasema. "Na kile cha siku ya mama?"

Nikamweleza yote.

"Kumbe mkono wangu haukuwa na kosa," akasema, akashusha pumzi. Kisha akageukia ukutani. Salamu yangu hakuitikia tena mpaka alipofariki.

Ningependa kusimama msikitini nimsafishe jina, lakini nisimame mbele ya nani? Kijiji kile kilihamishwa kupisha gesi, kisha vita vikawatawanya waliobaki. Waliomwona siku ile wameondoka na maneno yale yale vichwani mwao.

Wewe unayeanza kukusanya vitu vya wazee, kwanza uliza nani bado anavitumia. Na wewe uliyekuwepo kwenye arobaini ile, popote ulipo sasa, Palma, Pemba ya huku Msumbiji au ng'ambo, ukimtaja yule mzee, sema mkono wake ulikuwa mzima. Mkono mbovu ulikuwa ule uliompa kisu.