Nati ya Mwisho Iliyomrudisha Emérance Nyuma Mwaka Mzima

Saa mbili asubuhi, katika ghala moja la bidhaa mjini Eagan, jimboni Minnesota, Marekani, Emérance Nabintu amelala chali chini ya mkanda wa kusafirishia maboksi. Spana iko mkononi, grisi imemtapakaa hadi kidevuni. Swichi kuu ameifunga kwa kufuli lake mwenyewe, lenye jina na picha yake, ili mtu asije akauwasha mkanda naye yuko chini.

Beringi iliyokufa ameshaitoa. Mpya ameshaiweka, na rola inazunguka ukiisukuma kwa kidole kimoja. Imebaki nati moja tu.

Juu yake amesimama msimamizi wake, Dale, Mmarekani wa makamo mwenye tableti. Emérance anamtazama kidogo, kisha anaigeukia ile nati na kuikaza mwenyewe, taratibu, mpaka inagoma.

"Mwaka jana nisingeigusa," anasema baadaye, akijifuta mikono kwa kitambaa. "Na kwa sababu hiyo wakanirudisha nyuma. Mwaka mzima, ndugu yangu! Kwa nati!"

Hasira yake haijapoa, na mwandishi wa makala haya haoni kwa nini ipoe.

Emérance, mwenye miaka 29, yumo katika mpango wa kusomea shahada kazini. Siku nne anafanya kazi ghalani, Ijumaa anaingia chuoni, na ada inalipwa na mwajiri. Baada ya miaka minne mtu anatoka na shahada ya ufundi wa mitambo. Kwa mkimbizi aliyefika Minnesota na begi moja na mama mgonjwa wa magoti, mlango wa namna hiyo haufunguki mara mbili.

Lakini mlango una bawaba mbili. Chuo kinatoa alama za darasani. Msimamizi wa kazini anathibitisha kwamba mwanafunzi anaweza kazi za mikono bila kusaidiwa. Ukishindwa upande mmoja, unarudia mwaka kwa mshahara uleule. Ukishindwa tena, unatoka, na shahada unaiaga.

Darasani Emérance alifaulu vizuri. Mei mwaka jana, 2017, ilipofika zamu ya Dale, taarifa ilisema hajaweza kumaliza kazi hata moja peke yake.

"Nilifikiri wamekosea jina," anasema.

Hawakukosea. Ili kuelewa kilichotokea, inabidi kurudi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, alikoishi miaka kumi na mitatu baada ya kukimbia vita Kivu Kusini. Huko baba yake mdogo, Rigobert, alikuwa fundi wa mashine za kusaga mahindi, na Emérance ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake.

Karakana ya Rigobert ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Mwanafunzi anaweza kuifungua mashine yote, akaisafisha, akaifunga. Nati ya mwisho haigusi. Anaiacha, anafuta mikono, anamwita mwalimu wake aje aikaze.

"Kwetu ukiikaza wewe, ni kama umemwambia mzee akae pembeni, huna haja naye tena," Emérance anaeleza. "Donc, basi, mimi hapa nilifanya vilevile. Namaliza kazi, namwita bosi: 'Chef, tayari.' Anakuja, anakaza, anaenda. Nilijua namheshimu."

Dale alikuja kila alipoitwa. Alikaza kila alichoachiwa. Na kila mara, akishamaliza, alibonyeza kwenye tableti yake kwamba mwanafunzi amesaidiwa.

Aliyemfumbua macho ni Zadock, fundi wa umeme kutoka Kisii ambaye amefanya kazi ghalani humo kwa muda mrefu. Alimkuta analia kwenye maegesho ya magari, ile taarifa ikiwa imekunjwa mkononi.

"Sister, mimi nilidhani unajua," Zadock alimwambia. "Kila time unamuita, huyo jamaa ana-mark umeshindwa ku-finish. Hapa hakuna mambo ya heshima. Unafaa ku-finish job yako, u-sign, u-move on."

Emérance hakukaa kimya. Alikwenda ofisi ya mafunzo, akaeleza desturi ya kwao mwanzo hadi mwisho. Akawakumbusha pia kwamba mwezi Januari Dale alipokwenda likizo Florida kwa wiki mbili, ni yeye aliyebaki na mikanda ya upande wa kaskazini peke yake, na hakuna mkanda uliolala.

Jibu alilopewa lingemchekesha mtu kama lisingeuma. Kazi za zile wiki mbili haziwezi kuhesabiwa, aliambiwa, kwa kuwa msimamizi hakuwepo kuzishuhudia. Yaani akiwepo Dale, Emérance amesaidiwa. Asipokuwepo, Emérance hakufanya kitu. Sasa huyu mtu alitakiwa afanye kazi saa ngapi ndipo aonekane?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ofisi ilimwandikia ahudhurie kozi ya kujiamini.

"Kujiamini!" Emérance anapiga kofi la mshangao. "Nimevuka Ziwa Tanganyika usiku na mama ananishika shati. Nimeishi kambini mpaka nimekuwa mtu mzima. Nime-drive kwenye theluji hii kutoka Columbia Heights kila siku. Leo nakalishwa kwenye kiti nafundishwa namna ya kusema jina langu kwa sauti!"

Kozi aliimaliza. Cheti chake, anasema, kiko kwenye droo ya vijiko.

Alipoulizwa na mwandishi, Dale hakukana lolote. "Alikuwa ananiita kila mara," alisema. "Nilidhani hana uhakika na kazi yake."

Alidhani. Mwaka mzima alidhani, na hata siku moja hakumuuliza mwanafunzi wake kwa nini anasimama kwenye nati ya mwisho tu, wala si ya kwanza, wala si ya katikati. Kuuliza si ujinga, Waswahili walisema zamani, lakini huenda methali hiyo haijafika Eagan.

Nyumbani Columbia Heights, mama yake, Bernardine, alikuwa na lake la kusema. "Mutoto yangu, huyu muzungu alikuona sawa mujinga," anasema huku akichambua mboga za lengalenga mezani. "Heshima si utumwa. Lakini wewe uliipeleka kwa mutu hajui iko nini."

Maneno hayo yalimchoma Emérance kuliko taarifa yenyewe. Kwa miezi kadhaa aliichukia ile desturi, na kidogo, anakiri, alimchukia pia aliyemfundisha. Mwishowe alimpigia Rigobert simu kambini, akamwaga yote.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: mashine iliyokazwa na huyo chef wako ikiharibika, nani anasimama mbele ya watu?

Jibu Emérance alikuwa nalo. Miezi michache baada ya kuanza kazi, mkanda mmoja uliruka kwenye rola na maboksi yakamwagika sakafuni. Meneja alikuja mbio. Dale, aliyekuwa ameikaza nati ya mwisho ya mkanda huohuo, alimnyooshea kidole Emérance na kusema: "Hiyo ni kazi yake."

Tuliangalie vizuri jambo hili. Kazi ikikaguliwa kwa alama, ni ya Dale. Ikiharibika, ni ya Emérance. Kama huo si wizi, basi tutafute jina lingine la wizi.

"Papa Rigobert akaniambia kitu hakuwahi kuniambia nikiwa mtoto," anasema Emérance, na sauti inashuka. "Akasema, 'Unafikiri nilikuwa nakaza ili nipate sifa? Nilikaza ili lawama iwe yangu. Wewe ulikuwa bado mwanafunzi, watu wasikutukane.'"

Hapo ndipo alipokumbuka siku kinu cha kusagia kilipovunjika mhimili kambini, wanawake wakajaa mlangoni na ndoo zao za mahindi, wanafoka. Yeye ndiye aliyekuwa amekifunga kile kinu. Rigobert alimsukuma nyuma yake, akasimama mlangoni na kusema, "Nati niliikaza mimi."

Tangu siku ile Zadock alipomfumbua macho, Emérance hamwiti tena Dale aje kukaza kitu. Mwaka wake wa kurudia umefika ukingoni, na kazi ya asubuhi hii chini ya mkanda ndiyo ilikuwa ya mwisho kukaguliwa. Kama ingekosewa, safari ingekuwa imeishia hapa.

Dale anaisukuma rola, anasikiliza, anabonyeza tableti. Emérance amefaulu. Mshahara wake utapanda kutoka dola kumi na sita kwa saa hadi kumi na tisa, na Septemba ataingia mwaka wa pili, ambao kwa haki ungekuwa wa tatu.

"Hongera," anasema Dale. "Unaona? Kozi ile imekusaidia."

Emérance anaokota spana yake. Anafungua kufuli lake, anaufuta uso, anaondoka. "Walitaka niseme asante," anasema akiwa mbali kidogo. "Asante ya nini? Ya kunirudishia kilichokuwa changu?"

Akijaliwa, shahada ataipata 2021, na nia yake ni kuwa msimamizi humuhumu ghalani. Lakini ana jambo la karibu zaidi. Septemba hii anaanza mwanafunzi mpya, Uwineza, binti wa Kikongo anayesali naye kanisa moja, na Emérance ameshaiomba ofisi wapangiwe zamu pamoja.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Uwineza alimuuliza kwa woga ni kitu gani hasa anapaswa kujua kabla ya kuanza.

"Nati ya mwisho kaza mwenyewe, wakuone," Emérance alimwambia. "Na siku mkanda ukiruka, usijibu kitu. Niite mimi, nije nisimame mbele yako."