Makaburi Yaliyohama Kwenye Simu

Saa sita mchana, jua liko utosini na makaburi ya manispaa yamenyamaza kiasi cha kusikia mjusi akipita kwenye majani makavu. Mwanamume wa miaka hamsini na sita amechuchumaa katikati ya safu mbili, fyekeo kando yake, simu mkononi. Anatazama skrini, anainua macho kutazama kaburi, anarudi kwenye skrini. Kisha anahesabu kwa kidole kuanzia njiani, midomo ikicheza.

"Huyu amekaa sawa," anasema bila kugeuka. "Twende kwa mwenzake."

Ukimuuliza anaongea na nani, anakujibu kwamba anaongea na yeyote anayesikia. Halafu anacheka peke yake, na wewe unajikuta umesogea karibu na lango.

Hapa wanamwita Jirani. Jina alipewa kwa utani na madereva wa magari ya kubebea maiti, kwa sababu chumba chake kimepakana na ukuta wa makaburi, na utani ukamganda. Ni mfyekaji, mchimbaji na mlinzi, yote kwa mshahara mmoja wa kibarua. Tangu mwaka jana ameongeza kazi nyingine isiyo na mshahara kabisa: ni mtengenezaji wa tovuti.

"Watu wakisikia wanacheka," anasema. "Hata mimi nilicheka. Mtu umeshika sululu maisha yako yote, leo unaambiwa ushike kipanya."

Hakuanza kwa kupenda makuu. Zamani kila kaburi lilikuwa na kibao cha chuma chenye namba. Wezi wa vyuma chakavu wakavichomoa kimoja kimoja hadi vikaisha, na vikabaki vichuguu vya udongo vinavyofanana kama mapacha. Aliyetaka kumwona mtu wake ilibidi amwulize Jirani, maana ramani yote ilikuwa kichwani mwake.

Kisha Jirani akalazwa kwa homa ya mapafu. Aliporudi alikuta shada la maua limekauka kwenye lango. Familia moja ilizunguka siku nzima, ikashindwa kumpata marehemu wao, ikaacha maua mlangoni kama mtu anayemwachia mwenye nyumba salamu.

"Iliniuma sana," anasema. "Nikajiambia, siku na mimi nikiingia humu kwa kubebwa, hawa wote wamepotea. Kichwa changu ndiyo ramani yao, na kichwa kinaoza."

Mwalimu alimpata nyumbani. Mkwewe, mke wa mwanawe wa kwanza, anafundisha kompyuta katika shule ya sekondari. Alimletea kompyuta kuukuu ya kupakata, iliyong'oka vitufe viwili vya herufi, na masomo yakaanza barazani.

Lakini mkwe ni mkwe. Jirani alikaa kwenye kigoda, mwalimu akakaa kwenye mkeka kwa mbali, na mume akawekwa katikati kama mkalimani wa mahakama. "Mwambie baba hapo amesahau kufunga mabano," mwalimu alisema. Baba alikuwa amesikia kila neno. "Mwambie mkeo nimeyaona," alijibu. Mume, ambaye hajui mabano wala mabanda, aliwatazama wote wawili na kuendelea kula karanga.

Kwa mwendo huo wa kinyonga, Jirani alijifunza kuandika ukurasa, kuupaka rangi na kuufanya umjibu mtu anapobonyeza. Akafundishwa pia kwamba ukurasa lazima ujirekebishe kufuata upana wa skrini. "Usiwe kama kitanda, uwe kama mkeka," mkwe alimfafanulia. "Chumba kikiwa kidogo, unakunjika."

Jirani aliupenda mfano huo kupita kiasi. Akatengeneza ramani yake: kila kaburi kisanduku, kila kisanduku na jina, safu juu ya safu kama zilivyo ardhini, njia upande wa kushoto na uzio upande wa kulia. Ukiandika jina la mtu wako, kisanduku chake kinageuka kijani. Unahesabu ni safu ya ngapi na ni kaburi la ngapi kutoka njiani, unakwenda.

Chini ya safu hizo, upande wa bondeni, kuna makaburi ya watu waliozikwa na manispaa bila kujulikana. Kwenye ramani hakuwaweka. "Hawana majina, ningewaandika nini?" anauliza. "Nikapaacha patupu."

Siku alipomwonyesha mkwe, mwalimu aliutazama ukurasa kwenye kompyuta, halafu akautazama kwenye simu yake. "Imependeza, baba," alisema. "Labda siku moja uitazame na kwenye simu ndogo."

Jirani alisikia nusu ya kwanza tu. Kesho yake aliandika anwani ya tovuti langoni kwa rangi nyeupe.

Mambo yaliyofuata anayasimulia kwa sauti ya chini, ingawa jua linawaka na hakuna wa kumsikia zaidi ya wale wasiosema.

Aliteremka bondeni kufyeka, akakuta kaburi moja la wasiojulikana limepaliwa na kuzungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Hakuna aliyewahi kuja upande ule. "Nilifurahi," anasema. "Nikasema, leo huyu kapata ndugu."

Baada ya wiki chache lilikuwa la pili, lenye maua. Kisha la tatu. Juu ya hilo la tatu kulikuwa na kiatu kidogo cha mtoto, kimefutwa vumbi na kufungwa kamba vizuri.

"Mle nilimzika mzee mwenye ndevu nyeupe," anasema Jirani. "Kwa mikono yangu. Sasa hicho kiatu ni cha nani? Mimi makaburi siyaogopi, naogopa walio hai. Lakini kiatu kile, nakwambia ukweli, kilinitia hofu. Nikawa nikienda kuteka maji nazunguka upande wa pili."

Mchana mmoja alisikia sauti bondeni. Mtu alikuwa anaongea, ananyamaza, anaitikia "ehee", anaongea tena. Jirani alisubiri asikie sauti ya pili. Haikuja. Alisogea akakuta mwavuli mweusi, na chini yake mama mzee ameketi ubavuni mwa kaburi la mtu asiyejulikana, kichwa amekiinamisha kama anayenong'onezwa.

Mama huyo alimkaribisha vizuri, tena kwa furaha. Alimweleza kwamba amekuja kwa mwanawe. Waligombana, akamfukuza kwa kinywa chake, akamwambia asikanyage tena mlangoni pake. Hakukanyaga. Habari za kifo zilimfikia mama baada ya mazishi, na tangu hapo alikuwa na swali moja tu la kumwuliza.

"Leo amenijibu," alimwambia Jirani, macho yakimng'aa. "Nimemwuliza kama amenisamehe. Amesema, 'Yameisha, mama.'"

Alipomtaja jina, Jirani alimkumbuka kijana huyo. Alimzika yeye mwenyewe, mwisho wa safu, kwenye uzio.

"Nikamwuliza amejuaje kwamba ni hapa. Akanitolea simu, kadogo, kamepasuka kioo. Nikaona ukurasa wangu. Kisanduku cha kijani kiko chini kabisa, pale nilipoacha patupu."

Skrini ilikuwa nyembamba, na safu hazikutosha. Visanduku vya mwisho, vile vya kwenye uzio, vilikosa nafasi vikateremka chini, kama alivyoviruhusu vifanye. Mkeka ulikuwa umekunjika. Kila mwenye simu ndogo aliyekuwa na mtu wake karibu na uzio alipelekwa bondeni kulia kwa mgeni.

Siku hiyo hapakuwa na mkalimani. Jirani alimwita mkwe moja kwa moja na kumwuliza kama alikuwa amejua.

"Niliona, baba," mkwe alisema, macho chini. "Nilishindwa kukuambia kazi yako ina kosa. Niliogopa kukuvunjia heshima."

"Heshima si utumwa," Jirani alimjibu. "Kuanzia leo nikikosea nikaripie."

Anasema alimkaripia hadi akajuta kutoa ruhusa. Walianza upya na simu ndogo kuliko zote, ndipo wakapanda kwenda kwenye kompyuta. Sasa kila safu imefungwa pamoja na hakuna kisanduku kinachoshuka. Skrini ikiwa nyembamba, unaisukuma safu kwa kidole hadi ufike kwenye uzio.

Kosa lilikwisha kwenye skrini, likaanza mtaani. Waliorudi kuzuru walikuta ramani inawaonyesha pengine, na uvumi ukaenea kwamba makaburi yale yanahama. Wauza maua langoni walihama wao. Jirani aliwatafuta wenye makaburi mmoja mmoja na kukiri. Baba wa mtoto wa kile kiatu alisikiliza, akaenda akakichukua, akakipeleka kwenye uzio. Alipokuwa anatoka alirudi kuuliza yule aliyekuwa akimlilia bondeni alikuwa nani.

Akabaki mama wa mwavuli. Yeye njia ameshaizoea, simu haifungui tena. Jirani akinyamaza, mama huyo ataendelea kuja bondeni na moyo mweupe mpaka siku zake ziishe.

"Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo," anasema. "Nikimwambia, namnyang'anya msamaha. Nisipomwambia, kuna mtu kule kwenye uzio anamsubiri mama yake."

Leo ameamua. Mwandishi wa makala haya anamfuata bondeni akiwa amebaki nyuma kidogo. Mama yuko pale, chini ya mwavuli.

"Mbona umesimama kama umekuja kudai kodi, kijana?" anauliza.

Jirani anachuchumaa. "Mama, mwanao hayuko hapa. Yuko kule kwenye uzio. Ile ramani ya kwenye simu niliitengeneza mimi, na niliikosea. Nisamehe."

Mama halii. Analitazama kaburi kwa muda mrefu, chokaa yake, maua yake, mahali nyasi zilipolala kwa kukaliwa.

"Miezi yote hii?"

"Miezi yote hii, mama."

"Sasa aliyeniambia yameisha ni nani?"

Hakuna upepo. Mwandishi anagundua kwamba wote watatu wanalitazama kaburi, kana kwamba zamu ya kusema ni yake.

Mama anainama, anaupigapiga udongo kwa kiganja, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. "Asante, wewe," anauambia. Kisha anamgeukia Jirani. "Huyu kwenye simu yako umemweka wapi?"

"Sijamweka, mama. Hana jina."

"Sikukuuliza jina. Andika yupo."

Jirani anaitoa simu palepale na kusimama nayo, bila kubonyeza. Anasema watu wote wa bondeni atawapa visanduku, mmoja mmoja, na hatapumzika hadi waonekane kwenye simu ndogo kuliko zote. Anataka siku akiondoka yeye, asibaki hata mmoja wa kutafutwa. Hayo ameyapanga kuyamaliza kabla ya mvua, na mkwe ameshamwahidi kumkaripia.

Wanapanda hadi kwenye uzio. Kaburi la kijana lina nyasi za kufika magotini, na Jirani anazifyeka upesi kwa aibu. Mama anaketi. Anafungua mwavuli, anainamisha kichwa.

"Mwanangu, umenisamehe?"

Anangoja. Jirani ameshikilia fyekeo kifuani asipige kelele. Mwandishi naye, aliyekuja kwa habari ya kompyuta tu, amezuia pumzi bila kutaka. Kivuli cha mwavuli kinasogea kidogo juu ya udongo. Hakuna kinachosemwa.

Machozi yanamtoka mama, na katikati ya machozi anaanza kutabasamu.

"Kanuna," anasema. "Ndiye huyu. Huyu ndiye wangu. Tangu mdogo, ukimkosea hakusemeshi."

Anauweka mwavuli sawa na kunyoosha miguu.

"Nenda kaendelee na kazi yako, kijana. Mimi nitamngoja."